Mpira Ulikuwa Wapi? Niliyojifunza Nikiamua Migongano ya Besiboli ya Sekondari

Mgongano ule niliusikia kabla sijauona. Kishindo cha mwili juu ya kinga ya kifua, kelele za mabenchi mawili kwa mpigo mmoja, kisha barakoa ya mdakaji ikabiringika vumbini hadi karibu na kiatu changu. Nilipotupa macho chini, kijana mmoja alikuwa amelala chali akitafuta pumzi, na mwingine amesimama juu yake, mikono bado ameikunja kifuani. Sekunde haikuisha nikainua ngumi: auti, yaani mbio za mkimbiaji zimeishia hapo bila pointi. Halafu nikafanya jambo linaloniuma mpaka leo. Nikamnyooshea kidole yule aliyesimama na kumtoa nje ya mchezo.

Ilikuwa Aprili, Minnesota, siku ya baridi ambayo theluji ilikuwa bado imerundikwa nyuma ya uzio. Mchezo ulikuwa 3 kwa 3, inningi ya 5, yaani duru ambayo kila timu hupata zamu moja ya kupiga, kati ya zile 7 zinazochezwa na shule za sekondari. Huo ulikuwa msimu wangu wa pili kama mwamuzi. Naandika haya kwa ajili ya Waswahili wenzangu walioko huku, ambao watoto wao wameingia kwenye besiboli na ambao, kama mimi, wameona tangazo la kutafuta waamuzi wakajiambia: mbona nyumbani nilichezesha mechi nyingi tu, hili nalo nitaliweza. Mtaliweza. Lakini kuna mahali pamoja uwanjani panapohitaji maandalizi ya peke yake, nako ni homu, lile bamba jeupe lenye pembe 5 ambalo mkimbiaji akiligusa anakuwa amepata pointi.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuutazama mchezo huu, picha ni hii. Mkimbiaji amezunguka besi tatu, vile vituo anavyotakiwa kuvigusa kwa zamu, na sasa anatoka besi ya tatu kuja homu, mita 27 na kidogo, kwa kasi yake yote. Mpira nao umerushwa kutoka mbali uwanjani, unakuja hapo hapo. Katikati yao yupo mdakaji, kijana aliyevaa barakoa, kinga ya kifua na kinga za miguu, anayetakiwa aushike mpira na kumgusa mkimbiaji nao kabla hajaligusa bamba. Bamba lenyewe upana wake ni sentimita 43 tu. Watu wawili na mpira mmoja wanapigania eneo la ukubwa wa sinia, na mwamuzi anatakiwa aseme nani kamkosea nani. Filimbi hakuna. Ni sauti yako na mikono yako.

Baada ya kumtoa yule kijana, kocha wake alikuja kwangu. Hakupiga kelele, na laiti angepiga, ningejua namna ya kumkabili. Aliuliza kwa upole, "Bwana mwamuzi, umeona nini?"

Nikamjibu, "Amemgonga mdakaji."

"Hilo tumeliona sote. Nakuuliza wewe umeona nini."

Nikarudia maneno yale yale, safari hii kwa sauti kubwa zaidi. Akanitazama kidogo, akageuka akarudi kwenye benchi. Kijana wake alikuwa ameketi mwisho kabisa wa benchi, taulo kichwani, mabega yanatikisika. Alikuwa na umri wa mwanangu.

Mwamuzi mwenzangu siku ile alikuwa mzee aliyefanya kazi hii kwa zaidi ya miaka 30. Yeye alisimamia besi, mimi homu. Mchezo ulipokwisha tukawa tunavua viatu kwenye maegesho, kila mmoja ameketi nyuma ya gari lake, na yeye bila hata kuniangalia akauliza, "Mpira ulikuwa wapi?"

Nikafungua mdomo. Sikuwa na jibu. Nilikumbuka kishindo, nilikumbuka barakoa, nilikumbuka sura ya kijana aliyelala. Mpira sikuukumbuka hata kidogo.

Yeye aliuona. Akanieleza kwamba mpira uliotoka upande wa kushoto wa uwanja uliuacha mstari wake, ukaelekea upande wa besi ya tatu. Mdakaji, ambaye mwanzo alikuwa amesimama vizuri mbele ya bamba, akaufuata, akaweka mguu wa kushoto juu ya njia ya mkimbiaji na goti likafunika bamba lote. Wakati huo mpira ulikuwa bado uko kama mita mbili kutoka kwenye glavu yake. Mkimbiaji alikuwa amebakiwa na hatua mbili. Akainua mikono kujikinga, akajaribu kugeuza bega, wakagongana. Mpira ukapita ukaenda kugonga uzio. Mdakaji hakuwahi kuushika kabisa.

Maana yake ni kwamba nilisema auti pasipo mpira. Na kwamba aliyekosea alikuwa mdakaji, maana mlinzi, yaani mchezaji yeyote wa timu inayozuia pointi, akiwa hana mpira haruhusiwi kumfungia mkimbiaji njia ya kufikia besi. Uamuzi sahihi ulikuwa kumpa yule kijana pointi yake na kuendelea na mchezo. Badala yake nilimnyang'anya pointi, nikamtoa mbele ya wazazi wake, na akakosa mchezo uliofuata.

Nikamuuliza mzee, "Kwa nini hukuniambia pale pale?"

"Hukuniuliza," akasema. "Uamuzi ulikuwa wako. Mimi siruhusiwi kuja kukupinga mbele ya watu. Lakini ungenifuata ukaniuliza, ningekwambia nilichokiona."

Hilo sikulitilia maanani wakati wa mafunzo, na naomba wewe ulishike kwanza kabla ya mengine yote. Kanuni zinamkataza mwamuzi mmoja kuubatilisha au kuukosoa uamuzi wa mwenzake bila kuombwa. Anayeomba ni wewe. Kumwendea mwenzako, mkasogea kando, mkaulizana kwa sauti ya chini, hakukupunguzii heshima. Mimi niliona haya. Nilidhani mtu mwenye lafudhi yangu akionekana anauliza, watu watasema hajui. Kwa hofu hiyo kijana wa watu akaumia.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilijiuliza nimewezaje kukosea kiasi kile wakati nimechezesha mpira wa miguu Tanga kwa miaka sita, mechi za ndondo kwenye viwanja vya mchanga, zenye mashabiki wanaosimama juu ya mstari. Nikaja kuelewa kwamba tatizo lilianzia huko huko. Nilihamia Marekani nikiwa na macho ya soka. Kwenye soka mpira na watu wako pamoja. Anayeserereka anaufuata mpira ulio mguuni mwa mwenzake, kwa hiyo ukitazama miguu unaona vyote kwa pamoja: mpira, mguso, nguvu iliyotumika. Na kishindo kikiwa kikubwa, mara nyingi kosa nalo ni kubwa. Kwenye homu mambo hayaendi hivyo. Mpira unatoka upande wake, mtu anatoka upande wake, na vinakutana ghafla. Ukisubiri kuwatazama wakigongana, umechelewa, kwa sababu mambo yote yanayoamua nani ana haki yametokea kabla.

Kishindo chenyewe hakisemi chochote. Kinga ya plastiki hulia sana hata kwa mguso mdogo. Nimeona vijana wawili wakianguka kwa mlio wa kutisha na hakuna aliyemkosea mwenzake, na nimeona bega lililoshushwa kimya kimya ambalo lilistahili adhabu kubwa kuliko zote.

Msimu ule wote nilirudi kwenye kitabu. Shule za sekondari huku hazifuati kanuni za ligi kuu, zina kanuni zake zinazotungwa na shirikisho lao la kitaifa, NFHS, lenye makao Indianapolis. Tofauti hiyo ndiyo chanzo cha nusu ya ugomvi uwanjani, kwa sababu mzazi anapiga kelele kufuatana na alichokiona kwenye televisheni, na kocha naye wakati mwingine hivyo hivyo.

Kelele utakayoisikia kuliko zote ni hii: "Lazima aserereke!" Si kweli. Hakuna kanuni ya sekondari inayomlazimisha mkimbiaji kuserereka. Anaweza kuja wima mpaka mwisho. Kanuni inachosema ni kwamba akiamua kuserereka, aserereke kihalali, na asiposerereka, ajitahidi kihalali kumkwepa mlinzi aliye katika tendo la kumchezea. Kihalali ni nini? Akitanguliza miguu, mguu mmoja na kalio viwe chini, na awe karibu na besi kiasi cha kuifikia kwa mkono au mguu. Kutanguliza kichwa na mikono kunaruhusiwa. Mguu ulioinuliwa juu ya goti la mlinzi aliyesimama, hapana. Kujibiringisha kumwelekea, hapana. Kupiga teke, hapana. Kuruka juu ya mdakaji aliyelala chini ni halali, lakini kujirusha kwa kupiga mbizi juu yake ni auti hapo hapo. Hilo la mwisho huwashangaza watu wengi, na mimi lilinishangaza, kwa sababu likitokea linaonekana zuri na uwanja mzima hushangilia. Kijana anayetua kwa shingo ndiye aliyefikiriwa na watunga kanuni.

Mdakaji naye ana mipaka. Akiwa na mpira mkononi, anaruhusiwa kusimama mbele ya bamba na kumngoja mtu. Mkimbiaji basi achague: aserereke, azunguke bila kutoka zaidi ya futi tatu, yaani kama sentimita 90, nje ya njia yake, arudi alikotoka, au akubali yaishe. Asiyenao mpira aache njia. Akiifunga, mwamuzi ananyoosha mkono wa kushoto pembeni, ngumi imefumbwa, kuonyesha kwamba ameliona kosa, na anauacha mchezo uendelee mpaka ufikie mwisho wake. Kisha ndipo anatoa haki: mkimbiaji aliyezuiwa hupewa angalau besi moja mbele ya pale alipokuwa. Kwenye homu, besi hiyo ni pointi.

Kisha kuna jambo zito kuliko yote, mgongano wa nia mbaya. Hapo mpira unakufa mara moja, hakuna kungoja. Mkimbiaji ni auti, isipokuwa kama alikwisha kuligusa bamba kabla ya kugonga, na iwe iwavyo, anatolewa. Nia mbaya inatambulikaje? Kitabu hakikupi kipimo cha mita. Mimi nimejifunza kutazama hatua tatu za mwisho. Je, aliibadili njia yake kumfuata mdakaji aliyekuwa pembeni? Je, alishusha bega? Mikono yake, ilikuja kifuani kujikinga au ilinyooka kusukuma? Macho yake yalikuwa kwenye bamba au kwenye mtu? Aliongeza mwendo wakati mtu anayetaka kukwepa angeupunguza? Hakuna moja linalotosha peke yake kila mara, lakini ukiwa umeyaona, kocha akija kukuuliza "umeona nini", una cha kumwambia. Na usisahau kwamba kanuni hii inawahusu walinzi pia. Mdakaji anayemgusa mtu kwa kumpiga ngumi ya uso yenye mpira ndani ya glavu naye anatolewa, na mkimbiaji unampa besi ambayo angeifikia.

Kuyajua haya hakukunisaidia mpaka nilipojifunza kusimama. Katika mgongano wa Aprili nilikuwa nimeganda nyuma ya bamba, mgongo wa mdakaji uko mbele yangu kama ukuta. Hata kama ningeutafuta mpira, nisingeuona. Siku hizi mpira unapopigwa kwenda mbali na kuna mkimbiaji atakayekuja, navua barakoa kwa mkono wa kushoto, narudi nyuma ya ncha ya bamba kama mita tatu, halafu nyonga ya kushoto ya mdakaji naifanya kuwa alama yangu. Akisogea, nasogea naye. Ninachokitafuta ni upenyo kati ya glavu yake na mwili wa mkimbiaji. Nikiuona upenyo huo, nimeona kila kitu. Mpira ukirushwa nautazama mara moja ili nijue unaelekea upande gani, kwa sababu utamvuta mdakaji upande huo huo, kisha narudisha macho kwenye miguu yake. Nilifanya mazoezi haya peke yangu majira ya baridi ndani ya gereji, kiti kikiwa mdakaji na mwanangu akija mbio kutoka mlangoni. Yeye alichoka kabla yangu.

Na baada ya mgongano, usiseme neno. Tafuta mpira kwanza. Uko kwenye glavu? Uko mkononi? Umelala kwenye nyasi? Mimi humwambia mdakaji, "Nionyeshe mpira." Asipouonyesha, hakuna auti. Kungoja huko kunaonekana kama karne kwa aliyesimama pale, lakini hakuna aliyewahi kunilalamikia kwamba nimechelewa sekunde mbili.

Mei ya mwaka uliofuata nikapata mgongano ambao kwangu ulikuwa mtihani. Mkimbiaji anatoka besi ya pili, mpira unarudishwa kutoka upande wa kulia. Mdakaji akasogea juu ya njia mapema mno, mpira uko mbali. Nikanyoosha mkono wa kushoto, ngumi. Amezuia. Kisha nikamwona mkimbiaji. Upande wa nje kulikuwa na nafasi ya kupita, na angeweza pia kuserereka na kuligusa bamba kwa mkono. Alimtazama mdakaji, akakunja kiwiko, akashusha bega, akaongeza mwendo. Walipokutana hakukuwa na mlio wa maana. Mdakaji alikaa chini tu, kama mtu aliyesukumwa kwenye foleni. Nikapaza sauti "Taimu!", nikamtamka mkimbiaji auti, nikamtoa.

Kocha wake alifika mbio. "Ulinyoosha mkono! Uliona amezuiwa!"

"Ndiyo, kocha, alizuiwa. Nilimwona mdakaji kwenye njia bila mpira. Kijana wako angeserereka au angekwepa, ningempa pointi. Aliangalia mtu, akashusha bega, akaongeza mwendo. Nia mbaya inashinda kuzuiwa."

Alikasirika, lakini hakuwa na la kuongeza. Kanuni ni hiyo: mgongano wa nia mbaya hufuta kosa la kuzuia lililotangulia. Kwa mara ya kwanza niliweza kuusimulia mgongano kwa mpangilio, kitu baada ya kitu, na jioni ile mzee wangu, ambaye tulipangwa tena pamoja, aliniuliza lile swali lake. Nikamjibu kwamba mpira ulikuwa karibu na kilima cha mrushaji, pale anaposimama anayemtupia mpigaji, bado mbali na bamba. Akatikisa kichwa kukubali, akaendelea kufungua kamba za viatu.

Kwa nini watu wanang'ang'ania kugongana? Niliwahi kumuuliza kocha mmoja wa makamo, akaniambia wamekulia nayo. Kila Mmarekani wa rika lake ameiona picha ya Julai 1970, mchezo wa nyota wote pale Cincinnati, Pete Rose akimwangusha mdakaji Ray Fosse katika inningi ya 12 ili kuleta pointi ya ushindi. Bega la Fosse liliumia vibaya, na ulikuwa mchezo wa maonyesho tu. Kwa miaka mingi tendo lile lilisifiwa kama ushujaa. Ligi kuu ilikuja kutunga kanuni yake ya migongano ya homu mwaka 2014, miaka mitatu baada ya Buster Posey wa San Francisco kuvunjika mguu na kuchanika kano za kifundo alipogongwa na Scott Cousins usiku wa tarehe 25 Mei 2011. Msimu wa Posey uliishia hapo. Alikuwa mtu mzima anayelipwa mamilioni, ana madaktari wake. Vijana ninaowachezesha mimi wana miaka 15, 16, na wengine hawajamaliza kurefuka. Naliwaza hilo kila ninapofuta vumbi kwenye bamba kabla ya kurushwa mpira wa kwanza.

Ndiyo maana siku hizi naanza kazi mapema, kwenye kile kikao kifupi cha makocha na waamuzi pale homu. Nasema sentensi mbili tu: mdakaji asiye na mpira ampe mtu njia, na mkimbiaji atakayemtafuta mtu badala ya bamba atakwenda nyumbani. Nikiongea zaidi ya hapo hawasikilizi. Halafu katikati ya mchezo, nikiona mdakaji ana tabia ya kusimama juu ya mstari hata pasipo hatari, namwambia kwa upole wakati tunabadilishana zamu, "Kijana, angalia mguu wako wa kushoto." Wengi wanashukuru. Mmoja aliniuliza kwa nini, nikamwambia kwa sababu goti ni lake.

Kuhusu kichwa, hapa sitaki mtu afanye mzaha. Kanuni zinasema mchezaji anayeonyesha dalili za mtikisiko wa ubongo aondolewe mara moja, na asirudi mpaka aruhusiwe na mtaalamu wa afya anayestahili. Nilikuwa na mdakaji aliyegongwa kidevuni na goti, kwa bahati mbaya tupu, hakuna mwenye kosa. Aliinuka haraka, akasema yuko sawa, akavaa barakoa. Nilikuwa karibu kumwambia mrushaji aendelee. Kisha yule kijana akageuka akaniuliza, "Tuko inningi ya ngapi?" Alikuwa ameniuliza hivyo hivyo dakika moja kabla. Nikasimamisha mchezo, nikamwita kocha na mhudumu wa afya wa shule. Kocha alisema kijana ni wa kutegemewa, mdakaji wa akiba hana uzoefu. Nikamwambia simrudishi. Hapo sikuhitaji kujua mpira ulikuwa wapi.

Gharama nazo niseme, kwa maana sikuambiwa. Barakoa, kinga ya kifua ya kuvaliwa chini ya shati, kinga za miguu, viatu vyenye chuma kidoleni, mashati ya rangi mbili, suruali za kijivu na mfuko wa mipira vilinigharimu zaidi ya dola 500, na hapo niliinunua kinga ya kifua ikiwa imetumika. Kuna ada ya usajili na mtihani wa kanuni. Mafuta ya gari ni juu yako. Malipo ya michezo yangu ya kwanza yote yaliishia huko. Kazini ilibidi niombe zamu ya asubuhi, kwa sababu michezo huanza saa kumi au kumi na nusu jioni. Mke wangu alikubali kwa shida, na baada ya ile siku ya Aprili aliniuliza kama kweli inafaa nirudi nyumbani nikiwa kimya namna ile kwa pesa zile. Lilikuwa swali la haki. Nilimwambia anipe msimu mmoja zaidi.

Jambo jingine ni ripoti. Ukimtoa mchezaji, utaandika taarifa kwa chama cha jimbo, na watu ambao hawakuwepo wataisoma. Andika usiku huo huo, na andika ulichokiona, usiandike ulichohisi. Ripoti yangu ya kwanza ilikuwa na maneno kama "kwa ukatili" na "bila kujali". Nikiisoma leo naona haina mpira ndani yake, haina miguu ya mdakaji, haina hatua za mkimbiaji. Nilijaribu kuirekebisha siku mbili baadaye, nikampigia msimamizi wetu wa waamuzi na kumwambia nilikosea. Alinisikiliza kwa heshima. Akasema ni vizuri nimesema, atalipeleka mbele, lakini mchezo aliokosa kijana ulikuwa umeshachezwa jana yake.

Kijana mwenyewe nilikutana naye mwaka uliofuata. Alikuja kupiga, akachimba udongo kwa kiatu, akaniangalia. Mwamuzi hatakiwi kuanzisha maongezi na mpigaji, lakini mrushaji alikuwa anafunga kamba, nikapata nafasi. Nikamwambia kwa sauti ya chini, "Mwaka jana nilikosea. Njia ilikuwa yako." Akakaa kimya kidogo. Akasema, "Baba yangu alisema hivyo hivyo." Kisha mpira ukaja.

Bado sijafika. Mwishoni mwa msimu uliopita, mchezo wa mtoano, mpira na mkimbiaji na mdakaji walifika mahali pamoja kwa wakati mmoja. Nilikuwa nimesimama vizuri. Mpira niliuona ukiingia kwenye glavu, miguu ya mdakaji niliiona, ya kushoto iko ndani ya bamba na ya kulia iko nyuma. Mkimbiaji alianza kushuka kuserereka, akachelewa, wakagongana akiwa nusu wima. Mpira ukatoka. Nikanyoosha mikono: salama, na hakuna kosa kwa yeyote. Vijana wote wawili waliinuka, mmoja akamwokotea mwenzake kofia. Kocha wa mdakaji alidai yule mkimbiaji hakujaribu kabisa kumkwepa, kwa hiyo awe auti. Nilimweleza nilichokiona, naye akanieleza alichokiona, na hatukukubaliana. Nimekwisha kuurudia kichwani mara nyingi, hasa ile hatua ya mwisho, pale goti la mkimbiaji lilipoanza kukunjika. Bado nafikiri alikuwa anashuka.